Tikiti ya Bahari

Niliinyakua kalamu ya karani mezani nikaandika mwenyewe. Sikuomba ruhusa. Ilikuwa mara yangu ya tatu kufika kwenye ofisi ile kumwandikisha mwanangu, mara ya tatu nimembeba mgongoni, anaota meno, analia, na mara ya tatu karani alifika kwenye mstari ule ule wa fomu akaweka kalamu chini.

"Mama, origine? Kwenu ni wapi?"

"Kolwezi."

"Apana, mama. Mi siulize kwenye ulizaliwa. Naulizaka kwenu."

"Ni hapa. Nilizaliwa hapa, ku hospitali ya kampuni. Mama yangu naye njo alizaliwa hapa. Bwana yangu vilevile, na sasa iko ku kazi Fungurume."

"Kolwezi iko na benyewe, mama. Jina yako tu inasema kwenye bankambo bako, babu bako ba zamani, balitoka. Kwenu ni kwenye batu bako ba damu beko; uende kule bakupatie pepa, kisha urudie."

Mara ya kwanza niligeuka nikaenda zangu. Mara ya pili nilimbembeleza, nikamwita tata, yaani baba, nikacheka kicheko cha kijinga. Mara ya tatu alikuwa ametoka kunawa mikono. Akainama juu ya fomu kunionyesha ule mstari kwa kidole, na kile kidole kikanukia sabuni ya msandali. Sikuwa nimeisikia harufu ile tangu utotoni. Basi, kitu kikakatika ndani yangu kama kamba ya kisima. Pale palipoandikwa asili nikaandika kwa herufi kubwa: MADRAS.

"Ni nini hii?"

"Njo kwetu."

"Madras iko wapi?"

"Ku India. Ku bahari."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Eh, Muhindi ya namna gani hii, mweusi kunipita miye!" Karani hakucheka. Alichukua fomu akaipasua katikati, taratibu, kama mtu anayepasua jani la muhogo la kupika sombe. "Mama, weye unachezea serikali."

"Sichezi," nikamwambia. "Nimechoka."

Na kweli sikuwa ninacheza. Kuna wakati, nilipokuwa na miaka saba hivi, ungeniuliza kwetu ni wapi ningekujibu hivyo hivyo bila kusita. Ninyi mlio wa umri wangu, mliokulia kwenye kambi za kampuni, mtanielewa upesi. Wengine wanisikilize.

Papa alikuwa fundi wa moteri. Moteri za pampu zinazotoa maji mgodini zikiungua, zinaletwa kwake. Anafungua moja, anang'oa waya wa shaba uliokuwa mweusi kwa moto, anasuka mwingine kwa mkono, uzi juu ya uzi, kama mama anavyomsuka binti yake kabla ya Krismasi. Kabla sijazaliwa, kampuni ilimtuma Madras, kwenye kiwanda kimoja, wiki sita, ajifunze moteri za aina mpya. Masomo yakaisha, ndege ya kurudi ikachelewa siku nne. Zile wiki sita za kiwandani hakuzisimulia kamwe. Zile siku nne alizisimulia maisha yake yote.

"Siku ine," alikuwa akisema, vidole vinne juu. "Siku ine mi nilikuwa turisti. Si mutu ya kazi, si mutu ya kampuni. Turisti! Natembea tu, paka ya kutembea."

Alirudi na sabuni moja ya msandali ambayo Mama aliificha kati ya nguo bila kuifungua, nguo zetu zote zikanukia, kadi nne za posta, na chupa ya dawa iliyojaa maji ya bahari. Na nyumbani kwetu, Dilala, nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu nyekundu ya kung'arishwa, kukawa na desturi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila Jumapili baada ya misa na bukari, ugali wetu, Papa alivaa tena koti lake la kanisani, akafungua kopo la biskuti, akagawa kadi. Kadi ndiyo tikiti. Mama alikuwa na kadi ya kanisa, mimi ya stesheni, mdogo wangu Kazadi ya bahari, Papa mwenyewe ya mnara wa hekalu uliojaa sanamu za rangi. Asiye na kadi haingii. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Tata Kapenda, alilipa kwa karanga mkononi, na Papa akamwita turisti wa karanga.

"Tikiti!" Papa anapiga kelele mlangoni, na ziara inaanza.

Barazani palikuwa stesheni kubwa nyekundu yenye saa juu ya mnara. Sebuleni palikuwa kanisa jeupe lililojengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso, tunapiga magoti, na Papa anatukumbusha kwamba yule ni mtume aliyekataa kuamini mpaka ameweka kidole kwenye majeraha ya Yesu. Jikoni palikuwa barabara ya wali, ambako watu wanakula juu ya jani la mgomba, kwa mkono wa kuume, na Mama alilazimika kumwaga chai kutoka kikombe cha juu hadi cha chini, mkono umenyooka, bila kudondosha, kama wafanyavyo kule. Alidondosha kila Jumapili. "Uko bado muturisti," Papa anamwambia, naye Mama anamrushia kitambaa cha sahani. Kisha tunapita chumbani, barabara ya wanawake wenye maua meupe kwenye nywele, Mama anachomeka ua la uani sikioni, hata kama ni jekundu.

Mwisho ni bahari. Bahari ilikuwa uani, nyuma ya nyumba: kitenge cha bluu cha Mama kimetandazwa kwenye kamba, upepo unakitikisa. Tunavua viatu. Papa anakunja suruali hadi magotini, kwa maana ndivyo alivyofanya kule, mbele ya watu, na akashangaa kwamba maji yanamfuata halafu yanamkimbia. Alikuwa ameona ziwa la Nzilo tu, ambalo linakaa mahali pake kama mtu mwenye adabu. Halafu anafungua ile chupa na kumtilia kila mmoja tone moja ulimini.

"Chumvi!" nilikuwa nikipiga kelele. "Papa, nani alitiyaka chumvi mu maji?"

"Mungu. Na hakupima."

Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba bahari ya kweli iliisha kabla sijazaliwa, na Mama akawa anaijaza chupa kwa maji ya bomba na chumvi ya jikoni, bila Papa kusema neno. Lakini mimi nilijua jambo moja tu: hii ni ladha ya mahali ambapo Papa alikuwa na furaha. Na kila ziara aliimaliza kwa maneno yale yale: "Siku moja tutaenda bote."

Kampuni ilianza kufa polepole. King'ora cha zamu kikaacha kulia, na Mama akawa hajui tena saa ya kuweka maji ya bukari motoni. Unga wa kampuni ukaacha kuja. Papa akawa anarudi mapema, mikono misafi, na mikono ile misafi ilinitisha kuliko njaa, kwa sababu sikuwahi kumwona hivyo siku ya kazi. Kisha wakubwa wakaanza kusema redioni juu ya watu waliokuja na watu wenye nchi. Watoto niliokuwa nikiruka nao kamba wakaanza kutuita bilulu, wadudu. Nilidhani ni mchezo mpya. Nikawauliza mdudu gani, ili nijue nitembee vipi.

Halafu barabarani ikaanza ile kelele, kila siku, hata kwa watoto wadogo: "Murudie kwenu! Murudie kwenu!"

Watu wazima wote wa upande wetu walilia. Mimi peke yangu nilifurahi. Nasema hivi bila kujificha: nilifurahi. Kwetu? Kasai, walikotoka babu zangu, sikuwahi kuiona. Hapakuwa na picha yake nyumbani, hakuna aliyewahi kututembeza kule Jumapili hata moja. Nilijua sisi tuna mahali pamoja tu pengine duniani, mahali penye picha, penye tikiti, penye ahadi. Wakati Mama anafunga sufuria kwenye shuka, mimi nilikunja kile kitenge cha bluu nikakitia kwenye valizi, sanduku letu la safari, juu kabisa, tusihangaike kukitafuta tukifika. Na wale wa kamba niliwapigia kelele kutoka dirishani: "Kwetu kuna bahari! Ninyi hamuna!"

Tata Kapenda alikuja na vijana wenye fimbo. Alisimama pale pale barazani, kwenye stesheni nyekundu, alipozoea kulipa karanga.

"Tata Kapenda," Papa akamwambia, "hata weye?"

"Bananituma, tata. Mutoke leo. Bale ba kesho habatapiga hodi."

Kisha akafunga godoro letu juu ya baiskeli yake, akalisukuma mwenyewe hadi gare, jasho na machozi vikimchuruzika pamoja. Alipotufikisha, alirudi akaingia nyumbani kwetu na kulala humo. Mpaka leo anakaa humo. Nikipita ananisalimia, nami naitikia. Sijui nimweke wapi mtu yule.

Gare yetu, stesheni ya treni, ilikuwa imejaa watu kuanzia ukutani hadi kwenye reli. Kila familia ilikuwa na kipande cha bashi, turubai, juu ya vijiti, sufuria, na cherehani au baiskeli ambayo hawakukubali kuiacha. Treni haikuja. Haikuja kesho yake, wala juma lile, wala lililofuata. Nilimweleza Kazadi, ambaye alikuwa na miaka miwili tu, asiogope: hii ni baraza, ziara huwa inaanzia stesheni. Alikuwa ameshika kadi yake ya bahari, pembe zote ameshazitafuna. Hakuiachia hata akilala.

Jumapili moja Papa alisimama, akalikung'uta koti lake, akapiga kelele, "Tikiti!" Watoto wa gare nzima wakaja mbio, na wao hawana hata karanga. Akawapitisha kati ya mizigo na majiko. Hapa kanisa, pigeni magoti. Hapa barabara ya wali, nusa. Watu wakaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Huyu fundi amepata wazimu," bibi mmoja akasema.

"Ni wazimu ya bule, mama, ingia tu!" Papa akamjibu.

Lakini foleni ilipofika mwisho, mbele yao palikuwa na reli mbili na majani makavu. Papa alisimama pale, mkono umeinuliwa. Halafu akaushusha mkono. Ile ndiyo ziara ya mwisho aliyoongoza.

Juma lile kuhara kukaingia gare. Kukamwingia Kazadi. Masista wa dispansari walipita na ndoo, wakawagawia mama wenye watoto wagonjwa maji, wakisema wanyweshwe kidogo kidogo, bila kuacha. Mama alipogeuka nilichovya kidole kwenye kikombe cha Kazadi, nikakilamba.

Chumvi.

Kulikuwa na utamu fulani pia, lakini mimi nilisikia chumvi. Tumekaribia! Wameanza kuleta bahari, na kwa kuwa Kazadi ndiye mwenye kadi yake, wanampa yeye kwanza. Nikangoja zamu yangu. Kikombe cha pili, Kazadi. Cha tatu, Kazadi. Nilizoea tone kwa kila mmoja, haki sawa, na huyu anakunywa bahari nzima peke yake, tena anaitapika! Nikakishika kikombe.

"Na miye!"

Mama alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga. "Acha maji ya mwenzako!"

Nikaenda kukaa nyuma ya valizi, nikamgeuzia Kazadi mgongo, nikanuna. Nikiwa bado nimenuna, alikufa. Ilikuwa mchana, jua limesimama kichwani, na mimi nilikuwa nahesabu mabehewa ya treni ambayo hayakuwepo.

Mama alimfunga kwa kitenge cha bluu. Ndicho kilichokuwa juu kwenye valizi. Mimi ndiye niliyekiweka. Papa na wanaume wawili walichimba nyuma ya reli kwa sepetu ya kuazima, mahali walipozikwa wengine. Ubao wa sanduku haukuwepo. Walipomteremsha, Papa alitia mkono kwenye koti, akatoa ile kadi ya bahari, akaisukuma ndani ya kitenge, juu ya kifua cha mtoto.

Hapo nililia kwa sauti yangu yote. "Mumuache alie," watu walisema, "analilia mudogo wake." Mama akanivuta akanikumbatia. Sikuwa ninamlilia mdogo wangu. Nilikuwa ninalilia tikiti.

"Papa! Ile ni tikiti ya bahari! Shiye tutaingia na nini?"

Papa alichuchumaa mbele yangu. Mikono yake ilikuwa michafu tena, udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, kama zamani alipotoka kazini. Nadhani alikuwa anajaribu kuelewa ninachosema, na alipoelewa uso wake ulikunjamana. "Mudogo njo anaingia wa kwanza," akasema.

Nilimchukia Kazadi. Amekunywa bahari peke yake, amechukua kitenge, amechukua kadi, ameondoka. Treni ilipofika hatimaye, nilisafiri chini ya benchi, nimebana kadi yangu ya stesheni kwapani, nikiogopa mkaguzi atauliza ile nyingine na kutushusha. Njia nzima, siku zile zote, nilimchukia ndugu yangu aliyekufa. Mama yangu hajui hili. Nimeliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Tuliposhuka Kasai hapakuwa na bahari. Palikuwa na vumbi na ndugu wa Papa ambao hawakujua watuweke wapi. Watoto wa kule walicheka Kiswahili changu, wakaniita Mkatanga, kwa jina la jimbo nililotoka, na siku moja kisimani msichana mkubwa akanisukuma akaniambia kwa Kiluba cha kule nirudi kwetu. Nilimwuliza Papa bahari iko wapi. Akaitazama mikono yake. Hakukuwa na moteri kule, hata moja. Alikaa mlangoni, mikono misafi juu ya magoti, mvua mbili, kisha akafa. Mambo yalipotulia, Mama alinishika mkono tukarudi Kolwezi, kwa maana hakujua mahali pengine pa kurudi.

Nilielewa nikiwa darasani, shule ya sekondari. Mwalimu wa afya alikuwa anatufundisha jinsi ya kumwokoa mtoto anayehara: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi kidogo. Akaandika ubaoni. Akatuchanganyia kwenye birika tuonje, kila mmoja kijiko. Nilipoonja nilisimama, nikatoka, nikatembea hadi gare na sare yangu ya shule. Nyuma ya reli majani yalikuwa yamefika kiunoni na mama mmoja alikuwa anauza beignets, maandazi, pale karibu. Nilisimama palepale hadi akaniuliza, "Mutoto, unatafuta nini?" Nikamwambia nimepoteza tikiti.

Mwanangu nimempa jina la Kazadi. Ndiyo maana sikungoja kukataliwa mara ya nne. Najua karatasi ile ni karatasi tu. Lakini najua pia kwamba zile kelele zikirudi barabarani, watakuja na orodha, na mtoto wangu hataambiwa na mtu yeyote arudi mahali ambapo hajawahi kupaona. Jioni ile ile niliandika barua, kwa Kifaransa kama inavyotakiwa, nikaipeleka asubuhi, nikakataa kuondoka mpaka imepigwa mhuri wa kupokelewa. Hii hapa kwa Kiswahili:

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi.

Jambo: malalamiko juu ya kukataliwa kumwandikisha mtoto.

Bwana Mkuu, mimi mwenye sahihi hapa chini, mama wa mtoto Kazadi, nimekuja ofisini kwako mara tatu, na mara tatu karani wako amekataa kumwandika mwanangu kuwa ni wa Kolwezi. Mara ya tatu niliandika neno Madras. Nalifuta neno hilo, na naomba radhi kwa fomu iliyoharibika. Kwa mengine siombi radhi.

Karani wako ameniambia kwamba kwetu ni pale walipo watu wangu wa damu. Nakubaliana naye. Mdogo wangu alizaliwa katika mji huu, akafia kwenye gare ya mji huu tukingoja treni ya kutufukuza, na kifo chake hakikuandikwa na ofisi yoyote. Amelala nyuma ya reli. Amefungwa kitenge cha bluu, na kifuani ana kadi yenye picha ya bahari, pembe zake zimetafunwa na meno ya mtoto.

Naomba mwanangu aandikwe: asili, Kolwezi. Ofisi ikitaka uthibitisho, ichimbe. Kuchimba, hapa kwetu, tunajua.